Namba Iliyobaki Kwenye Rangi

Otha Tubbs alilipenda lile gari kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na mkewe Verlene alikuwa wa kwanza kulijua hilo. Alilinunua kwenye mnada wa kaunti, huko kwao Mississippi, polisi walipolichoka. Lilikuwa Ford jeupe, refu kama jeneza la tajiri, na taa ya kumulikia watu bado iko pembeni ya kioo cha dereva. Kila Jumamosi Otha alilipangusa kwa fulana zake kuukuu, kisha akalitoa barabarani, akarudi anacheka.

"Mke wangu, ungewaona! Wakiniona tu nyuma yao, wote wanageuka wachungaji. Hata yule mpumbavu Alphonse kafunga mkanda."

"Na wewe unafurahi kuogopwa."

"Maisha yangu yote naogopa mimi. Acha na mimi niogopwe kidogo."

Hakuna aliyemuuliza Verlene kama analitaka uani kwake.

Jioni moja alikuwa akianua nguo, na gari ndiyo kwanza limeoshwa. Jua lilishuka likalipiga ubavuni, na pale kwenye mlango wa dereva ikatokea nyota ya kaunti, na chini yake namba kumi na nne. Stika zilikuwa zimebanduliwa zamani, lakini rangi iliyokuwa chini yake haikupauka kama nyingine.

Nguo zikamponyoka. Gari namba kumi na nne ndilo lililomchukua mdogo wake, Dewitt. Kosa la Dewitt lilikuwa kujibu alipoambiwa anyamaze. Walimchukua mzima, anatembea kwa miguu yake, kisha ikaja simu kwamba moyo umesimama, amefia garini. Jela yenyewe iko pale tu, ukipita kanisa. Mama yao alikwenda kuuliza mpaka miguu ikavimba, wakamwambia arudi nyumbani akapumzike. Akapumzika kweli, kaburini.

"Otha, Dewitt alifia humu."

Otha akatazama namba, akatazama kitambaa cha kupangusia mkononi mwake. "Sikujua, Verlene. Naapa. Lakini gari haliui mtu."

"Basi nitajie aliyemuua."

Otha akakikunja kitambaa.

"Liondoke. Lisipoondoka, naondoka mimi."

Siku zile za kungoja mnunuzi zilikuwa mbaya. Kila akisimama kwenye dirisha la jikoni, Verlene aliona kichwa kwenye kiti cha nyuma, kimeinama. Alijiambia ni kivuli cha tawi la mti wa mpekani. Akachukua msumeno, akakata lile tawi yeye mwenyewe. Kichwa kikabaki.

Mnunuzi alikuja baada ya ibada. Coy Stribling, Mzungu mstaafu, mnene, mwenye adabu, ambaye tayari alikuwa na magari matatu ya namna ile. Alilizunguka akilipapasa kama farasi, akaketi kwenye usukani, akawasha injini, akafumba macho kusikiliza.

"Mama, usiwe na wasiwasi, linakwenda kwa mtu anayelipenda," alisema. "Nitalirudishia kila kitu. Taa za juu, king'ora, nyota. Na namba yake hii hapa, unaiona? Kumi na nne! Nitaibandika palepale ilipokuwa. Sikukuu ya Uhuru, mwezi Julai, watoto watalipanda kwenye gwaride, wanapunga mikono."

Verlene akaliona. Namba kumi na nne inapita tena mbele ya kanisa, na mji mzima unaipigia makofi.

"Zima injini," alisema.

"Samahani?"

"Haliuzwi. Zima, ushuke."

"Verlene!" Otha akaruka. "Si wewe uliyesema—"

"Nimesema haliuzwi. Nani mwingine atamkalisha Dewitt kwa amani? Huyu?"

Stribling akashuka, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuelewa alichokosa. Otha alifurahi kama mtoto, na Verlene akamchukia kwa furaha ile.

"Usicheke. Leta vifaa vyako," alimwambia. "Hii milango ya nyuma haifunguki kwa ndani. Itengeneze."

"Mke wangu, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Ukibadilisha, si gari la polisi tena."

"Itengeneze, Otha."

Akaitengeneza, ananung'unika. Alipomaliza, Verlene akaingia nyuma, akajifungia. Akakaa. Kisha akafungua mlango kwa mkono wake, akatoka, akausogeza wazi zaidi, akasimama pembeni kama anayempisha mtu.

"Toka basi, Dewitt," alisema. "Toka, baba. Umefika."

Hewa tu. Akarudi ndani ya gari, akaufunga tena mlango, aanze upya.