Ofisa wa Matanga na Mama Mkwe Ng'ambo ya Mto

Yuliana hakuwahi kuiona bahari. Aliisikia tu kwa mumewe, Eustace, aliyekuwa ofisa kwenye jahazi la serikali lililosaka wafanya magendo enzi za mkoloni, kabla hajarudi Mgeta kulima kabichi. Mbuzi wao alifungwa kwa mafundo ambayo hakuna jirani aliyeweza kuyafungua. Kwenye shamba la ujamaa, Kondo, Mzigua na mtani wa Eustace, hakumwacha apumue: "Afande Nahodha, leo upepo unatupeleka wapi?"

Masika ya mwaka sabini na nne mto ukabeba daraja. Bibi Martina, mama yake Yuliana, akabaki ng'ambo peke yake, mlima umeporomoka nyuma yake, ukingo unameguka mbele yake.

Eustace aliunga kamba mbili, akarusha kitanzi kikanasa kwenye kisiki cha ng'ambo. Lakini tenga la kumvushia, lililoning'inizwa kwenye kamba hiyo, lisingepita kwenye fundo la katikati bila mtu wa kulinyanyua. Wanaume wakatazama maji, wakarudi nyuma.

"Nitakwenda mimi," alisema Eustace.

"Mkwe wangu?" Bibi Martina akapiga kelele. "Hajawahi kunitazama usoni, leo anikumbatie mbele ya kijiji? Bora mto!"

"Nahodha, umekataliwa hata na mafuriko!" Kondo akasema. Hakuna aliyecheka.

Eustace akamgeukia mkewe. "Nipe kitambaa chako. Nifunge macho."

"Umerukwa na akili?"

"Usiku wa dhoruba tulipanda mlingoti hatuoni hata vidole. Mikono ndiyo inaona. Kaza."

Kisha akaita: "Mama, shikamoo! Nakuja na tenga. Sikuoni, wala sitakugusa."

Bibi akaitikia: "Marahaba. Njoo."

Jamani! Alining'inia kwa mikono na miguu, tenga mbele yake, maji yakimrukia mgongoni. Bibi akajitumbukiza ndani ya tenga, akajifunika kanga. Wakirudi, Eustace alilipapasa fundo, akalivusha tenga taratibu kama linabeba mayai. Nyuma yao ukingo ukaanguka wote, pamoja na kisiki. Kamba ikalegea, wakatumbukia majini, watu wakawavuta hadi nchi kavu wakiwa wamelowa chapachapa. Yuliana akajiuliza: Huyu ndiye anayepoteza jembe kila siku?

Eustace alisimama akiuelekea mlima, akiwapa kisogo.

"Mama ameshaondoka?" akamnong'oneza mkewe.

"Bado. Amesimama anakutazama."

"Basi usikifungue kitambaa kwanza."