Kichwa Juu, Macho Mbele

Léontine alikuwa mwalimu wa michezo, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo: kumwonyesha mtoto namna ya kukimbia bila kujiumiza, kuruka huku akijua atatua vipi, kusimama ghafla bila kuharibu goti. Kwao, upande wa Kpandroma, alifundishia kwenye uwanja wa majani. Nyumba yao ilipochomwa alishuka mjini Bunia na mdogo wake Blanchard, akapata saa chache za kufundisha katika shule moja ya mtaa wa Ngezi iliyopokea watoto wa kambi ya waliokimbia vita. Uwanja wa hapo ulikuwa kipande cha vumbi kati ya vyoo na ukuta.

Siku ya kwanza aliwapanga watoto mstari mmoja, akapuliza filimbi. Wa mjini walikimbia kama watoto wote wasiofundishwa, mikono ikipigapiga hewa. Wa kambini walikimbia wameinama, vifua karibu na magoti, na kila baada ya hatua chache waligeuza shingo kutazama nyuma. Hakuna shule iliyowafundisha hivyo.

Aliyekuwa na mbio kuliko wote alikuwa Rébecca, msichana wa miaka kumi na miwili, mkimya, mwenye miguu mirefu. Ndiye pia aliyegeuka mara nyingi zaidi.

"Rébecca, uko naangalia nini kule nyuma?"

"Niko naangalia kama batu iko nakuya, Madame."

"Batu gani?"

Mtoto alishangaa kwamba mtu mzima anauliza ni watu gani wanaokuja.

Léontine alianza upya kabisa. Aliwasimamisha watoto mikono ikiegemea ukuta, wainue goti moja, kisha jingine, mgongo umenyooka. Aliwatembeza na daftari kichwani. Aliwafundisha kubana viwiko karibu na mbavu. Kwa Rébecca alibuni zoezi lake: alisimama mwisho wa uwanja, akainua mkono, akawa anabadilisha vidole. "Soma vidole vyangu huku unakimbia! Kichwa juu, macho mbele!" Mtoto alikimbia akipaza sauti, "Mbili! Tano! Tatu!" Asiyetazama mbele hawezi kuhesabu. Ilichukua miezi minne. Siku moja alifika mwisho hajageuka hata mara moja, akacheka, na Léontine hakuwa amewahi kumsikia akicheka.

Kwenye mashindano ya shule za mtaa Rébecca aliwaacha wenzake mbali. Mama yake, Madeleine, aliyekuwa akifulia watu nguo, alikuja mikono bado ina povu. Alisimama kando ya Léontine, akasema polepole, "Sikujua mutoto wangu iko murefu hivi."

Kisha chakula cha msaada kikakoma kambini. Wanawake wakaanza kurudi mashambani kwao kuchimba mihogo, wakijua wazi hatari ya watu wenye silaha huko. Alhamisi Rébecca hakuonekana darasani. Ijumaa pia. Jumatatu habari ya msiba ilifika shuleni kabla ya kengele.

Léontine alimkuta Madeleine mbele ya hema lake, wanawake wawili wamemshika mabega. Aliposikia sauti ya mwalimu, aliinua uso.

"Tulisikia masasi inalia kule shambani, Madame. Miye nililala katikati ya matuta, nikatambaa. Nilimuita alale. Hakusikia. Alisimama wima, akakimbia." Akavuta pumzi. "Alikimbia muzuri, Madame! Kama vile mulimufundisha. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa mbele ya bote."

Kisha akamaliza: "Bale batu baliona yeye wa kwanza."

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa akimsifu mtoto wake. Léontine akamshika mikono.

Nyumbani aliketi chini mlangoni. Blanchard alimletea maji, akachuchumaa kando ya dada yake.

"Yaya, risasi haiangalie kama mutu iko wima ao ameinama."

"Iliangalia," Léontine akajibu.

Kwa majuma mawili hakwenda shuleni. Alilala akielekea ukuta, na kila alipofumba macho aliona vidole vyake mwenyewe vikibadilika hewani. Mwishowe mkurugenzi wa shule, mzee Laurent, alikuja hadi nyumbani. Hakuhubiri. Alisema tu kwamba watoto wanatoka kila saa ya mchezo, wanajipanga mstari, wanasubiri, kisha wanarudi ndani. Madeleine, alisema pia, ameondoka kwenda Mambasa kwa ndugu zake.

Kesho yake Léontine alirudi. Watoto walikuwa wamejipanga. Kabla hajapuliza filimbi, msichana mmoja wa kambini, Faida, aliinua mkono.

"Madame, tuinue kichwa ao tuiname?"

Léontine alilijua jibu la vitabu. Alikuwa amelisema maisha yake yote.

"Hapa uwanjani, juu," akasema.

"Na kule shambani?"

Aliiachia filimbi ikaning'inia kifuani kwa kamba yake. Aliwatazama, wa mjini na wa kambini, mmoja mmoja. Kisha akapiga goti kwenye vumbi, akaanza kuwaonyesha namna ya kuanguka: magoti yalegee, bega litangulie, kidevu kibanwe, tumbo chini, halafu kutambaa kwa viwiko. Watoto wakamfuata. Mzee Laurent alitokea mlangoni mwa ofisi, akasimama akitazama.

Faida alimkaribia akitambaa, akamgusa kiunoni.

"Hapana, Madame. Hapa iko juu sana. Iko naonekana."

Léontine akajishusha, shavu likagusa vumbi.

"Hivi?"

"Tena kidogo, Madame."