Kofia ya Kalunde

Sisi tuliokulia Itetemia wakati wa Mwingereza tulijua kucheza. Wajukuu zangu wakikaa juani dakika tano wanalalamika kichwa; sisi tulishinda shambani tukivuna karanga, tukizitafuna mbichi hadi matumbo yakanguruma, na jioni tukagombania michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye chungu kimoja.

Na utani je! Kalunde, binti wa shangazi yangu, alikuwa mtani wangu, kama ilivyo kwetu Wanyamwezi kwa mabinamu. Mtani wako unaweza kumpokonya chochote, na akikasirika, mkosaji ni yeye. Kalunde alikuwa zeruzeru, ndivyo tulivyosema siku hizo. Shangazi alimsukia kofia pana ya ukindu, akamwambia, "Usiivue mpaka jua lizame." Mimi nilimvua kofia hiyo kila siku. Nilikimbia nayo kwenye matuta, yeye akinifuata huku akicheka, macho ameyafinya. Mara moja tu aliniambia, "Mtani, leo sikio linauma." Nikamjibu, "Mtani halalamiki." Akalifunika sikio kwa kiganja.

Pakatoka kidonda pale, kisipone. Shangazi alikipaka dawa za mizizi mwaka mzima. Tulipompeleka mjini, daktari akasema ni saratani ya ngozi, imeletwa na jua, na imeshashuka shingoni. Kalunde alifariki akiwa na miaka kumi na minne.

Msibani, kwetu, kazi ya mtani ni kumwigiza marehemu ili wafiwa wapate kucheka. Shangazi mwenyewe akaniletea ile kofia. "Haya mtani, vaa, utuonyeshe alivyokuwa akicheka."

Nikaivaa. Sauti haikutoka. Watu walidhani ni majonzi, wakanisifu kwa kumpenda binamu yangu. Ilikuwa aibu, na sikumwambia mtu. Shangazi alizeeka, akafa, bado akiniita mtani mwema.

Siku hizi nawaona watoto wenye ualbino wakienda shule na kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua usoni. Juzi upepo ulipeperusha kofia ya mmoja wao, binti wa jirani. Mjukuu wangu, huyu ninayemcheka kwa kuogopa jua, akaikimbilia hadi ng'ambo ya barabara, akarudi akamvisha. Kisha akaja barazani akihema, akingoja nimsifu. Nilishindwa hata kumtazama.