Friji ya Shemeji

Wajuzi wa uwekezaji, wale ambao wenyewe wamepanga, husema nyumba hukuingizia pesa ukiwa umelala. Brashi hajalala vizuri tangu apate wapangaji.

Jina hilo alilipata kwa kupaka rangi nyumba za watu mpaka mabega yakagoma. Akiba yote akaimwaga kwenye vyumba vinne vya kupangisha, nyuma ya nyumba anayokaa na mkewe. Siku ya kuvuta umeme, fundi alimshauri afunge mita kwa kila chumba. Brashi akacheka.

"Unataka kunifilisi? Mita moja inatosha, watachangiana. Si watu wazima?"

Watu wazima! Kuchangia umeme huanza kama harusi, kukaishia kama mirathi. Mpiga pasi anamlaumu mchemsha maji, mchemsha maji anamlaumu mwenye redio, na mwenye redio anaongeza sauti. Kesi zote huletwa kwa Brashi, mswaki ukiwa bado mdomoni.

Chumba cha mwisho alimpa shemeji yake, mdogo wa mkewe, "kwa muda tu, mpaka ajipange." Shemeji alijipanga upesi: alileta friji kubwa, akaanza kuuzia mtaa mzima barafu. Kodi halipi, ni ndugu. Umeme hachangii, eti yeye hana hata pasi.

Jumamosi moja akaja nesi wa chumba cha kwanza, mpangaji pekee anayelipa bila kukumbushwa. Kodi yake ndiyo inayonunua dawa za presha za Brashi.

"Shikamoo baba. Nahama mwisho wa mwezi."

"Marahaba mwanangu. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimechoka kugandisha barafu nisiyoinywa."

Alipoondoka, Brashi alimgeukia mkewe, aliyekuwa akianua nguo.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kamwambie."

"Ni mdogo wako."

"Nyumba ni yako."

"Leo imekuwa yangu?"

Wakatazamana kama abiria wawili, kila mmoja akisubiri mwenzake alipe nauli. Mwishowe Brashi akaenda, miguu mizito kama ya mtu anayeitwa na daktari. Shemeji alikuwa akifunga mifuko ya barafu.

"Shem! Karibu upoe."

"Shem, friji izimwe leo. Au ufunge mita yako, na kodi uanze kulipa."

"Kumbe undugu una bei!"

"Undugu hauna. Umeme unayo."

"Nitamwambia dada."

"Dada yupo hapa," mkewe Brashi akasema kutoka mlangoni, nguo zikiwa begani. "Katafute mkokoteni."

Akahama jioni ile ile, amenuna, maji ya barafu yakidondoka njia nzima. Ukoo utamtangaza Brashi kuwa mchoyo mpaka siku ya kuzikwa, na hilo analijua.

Nesi alikubali kubaki, kwa sharti kwamba afunge mita yake mwenyewe na gharama ikatwe kwenye kodi. Brashi hakubishana. Nguvu za kubishana alizimaliza kwa shemeji.

Kesho yake asubuhi mkewe akamletea chai.

"Mama kapiga simu. Anakuja tuongee habari za mwanawe."

Brashi akaweka kikombe chini. "Atakaa siku ngapi?"

"Hajasema."

"Na atalala wapi?"

"Chumba cha mwisho. Si kiko wazi?"