Tundu Lililoziba Tena: Imtiyaz, Mfumi wa Banaras

Saa mbili asubuhi, Imtiyaz Ansari ameketi kwenye kitanda chake cha kufumia katika mtaa wa Madanpura, mjini Banaras, India, miguu ndani ya shimo lililochimbwa chini ya kitanda, juu ya kanyagio. Anafuma mistari michache ya hariri, kisha anapumzika. Midomo yake imepauka. Mkewe, Shakila, anamsogezea chai.

"Kunywa, Baba Rukhsana. Maiti hafumi sari."

"Maiti hagombezwi na mkewe," anajibu.

Ana saratani ya damu. Daktari wake, Meenakshi Tripathi, alimweleza ugonjwa huo kwa lugha ya ufumaji. Ua la sari huongozwa na kadi ngumu zenye matundu, zinazoning'inia juu ya kitanda. Tundu likiziba, ua huharibika ingawa kadi ni nzima.

"Baba, chembe za damu yako zina maagizo ya kuzuia saratani," alisema daktari. "Mengine hayajachanika, yamefunikwa tu. Sindano hizi huyafunua."

Imtiyaz alielewa, na hapo ndipo alipopotea. Kwa mfumi, tundu likishazibuliwa, kazi imekwisha.

Duru za kwanza za sindano zilimwangusha. Kufikia ya sita, alipanda ngazi bila kushika ukuta. Msimu wa harusi ulikuwa umefika, na kila wiki ya sindano ilimkosesha sari nzima. Akaacha dawa.

"Hukuniuliza," anasema Shakila.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Sasa watu huulizana kwa nini?"

Kadi ni kitu kilichokufa. Ukiisafisha hubaki safi. Chembe iko hai, hujigawa kila siku, na dawa ikikoma vifuniko hurudi. Miezi michache baadaye, fizi za Imtiyaz zilianza kutoka damu.

Sindano zimeanza upya. Daktari Meenakshi hafichi: mara nyingi saratani iliyorudi haisikii tena dawa ileile.

"Sikuahidi, Baba. Tuendelee, tuone damu yako itasema nini."

Msimu huu Imtiyaz amekataa kazi zote za harusi isipokuwa sari hii moja. Mpango wake ni kutokosa sindano hata moja, hata siku atakapojisikia kijana.

Jirani yake, Siraj, anachungulia dirishani. "Vipi, Imtiyaz bhai, siku hizi umeoa hospitali?"

"Niliioa, nikaipa talaka," anasema Imtiyaz, akifuta midomo. "Sasa nimerudi kuposa. Sijui kama itanikubali."