Skrubu Kwenye Lami

Mwone anakuja, mkaguzi wa njia ya ndege, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, macho chini. Uwanja wetu huku Quebec ulijengwa na jeshi wakati wa vita, raia wakaingia baadaye, lami ikabaki moja. Akiokota kokoto, hulitia kwenye kopo la kahawa. Akiokota skrubu, ambayo huenda imechomoka kwenye ndege, hufunga njia mpaka ndege zote zikaguliwe, za vita na za abiria.

Asubuhi moja ndege ya Montreal ilikuwa tayari kuruka, mke wa mzee huyu ndani, akiwahi kufanyiwa upasuaji wa moyo. Mzee akainama, akainuka na skrubu.

"Tia mfukoni, mzee, nani kakuona?" nikamnong'oneza, mimi dereva wake.

"Mke wangu yumo humo, mjinga wewe!" Akainua redio. "Fungeni."

Dirishani, mkewe alitazama saa. Ungekuwa wewe kwenye kiti kile, ungempungia mkono?