Niliwaonea Wivu Panya

Kazi yangu ni kufagia na kulisha panya katika nyumba ya utafiti, nje kidogo ya Kisaju. Ni panya weupe, madume watupu. Daktari wetu, binti niliyemzidi umri kwa mbali, huwadunga baadhi yao dawa ya kuvimbisha tezi dume, kisha anaangalia kibofu kinafanyaje. Mimi natandika karatasi chini ya kizimba, panya anaachwa peke yake bila kusumbuliwa, halafu karatasi inamulikwa kwa taa maalum na mkojo unang'aa. Panya mzima hukojoa pembeni, doa moja kubwa. Aliyevimba tezi hutapakaza vidoa kila mahali, kama mtu aliyenyunyiza maji kwa vidole.

"Tezi ndiyo iko na shida, mama," daktari aliniambia, "lakini kibofu ndicho kinateseka. Kinashtuka hata kwa mkojo kidogo. Na saa zingine tezi ikipona, chenyewe hakitulii."

Nilielewa upesi, kwa sababu nyumbani Kitengela niliishi na mtu wa hali hiyo.

Mume wangu aliuza vitunguu vya Kimana sokoni. Alikuwa ameanza kuacha meza kila mara na kuzunguka nyuma ya lori. Wenzake wakamtania: "Mzee, ni shamba gani unamwagilia huko nyuma?" Alicheka nao. Kwangu alisingizia chai, eti naijaza maji. Nilipomsimulia habari za panya, alikasirika.

"Sasa mimi ni panya wako? Na usinitaje huko kazini. Haya si ya kuambia binti ya watu."

Kwetu mwanamume hazungumzi mambo ya mkojo hata na mkewe, sembuse mke ayapeleke nje. Nikamwahidi kwamba sitamtaja.

Alipokubali hatimaye kwenda kliniki, tulikaa kwenye benchi refu, tukisogea kila wa mbele alipoitwa. Akainuka kwenda choo. Aliporudi, mama mmoja akamwambia, "Mzee, ukitoka umetoka. Nenda mwisho."

"Nimemwekea nafasi," nikasema.

"Kwani mgonjwa ni nani, wewe ama yeye?"

Akaenda mwisho. Tulipokaribia mlango tena, nikamwona anakunja magoti, anayabana, kisha anainuka. Nilitaka kusimama niwaambie wote kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaomwinua. Alinitazama akajua.

"Twende nyumbani, mama watoto," akasema.

Kesho yake nilitandika karatasi zangu kama kawaida. Panya wale hawakupanga foleni. Walipokojoa, mtu aliyesoma aliinama akatazama kila doa, akajiuliza kwa nini. Niliwaonea wivu ule wa kuchoma kifua, kama vile ni wake wenza waliopewa nyumba nami nikaachwa uani. Nilimwonea wivu hata daktari, kwa sababu alisema "mkojo" kwa sauti huku akimenya chungwa na hakuna kilichomtokea.

Mume wangu hakurudi tena kliniki. Tulimfikisha hospitali Kajiado mkojo ukiwa umeziba na maambukizi yameingia kwenye damu. Tulimzika wiki iyo hiyo.

Niliporudi kazini, daktari aliniita mbio. "Mama, njoo uone!" Panya mmoja alikuwa amepewa dawa mpya. Karatasi yake ilikuwa na doa moja kubwa pembeni, na kwingine kote nyeupe. Daktari alipiga makofi. Mimi nilijua kwamba panya yuleyule angeuawa baadaye ili kibofu chake kipasuliwe na kutazamwa. Hilo halikupunguza wivu wangu hata kidogo.

"Daktari," nikasema, "naomba unihamishe upande wa sungura."

"Ni harufu imekushinda?"

"Hapana. Hawa nawaonea wivu."

Alianza kucheka. Kisha akaona kitambaa cheusi kichwani mwangu, akaacha. Alijua nimefiwa, ila hakujua mzee alikufa na nini, kwa kuwa niliahidi kutomtaja. Akavuta kiti, akanikalisha, akaizima ile taa.

"Mzee alikuwa akishindwa kuzuia mkojo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, na wenzangu wawili pale mlangoni wakageuka. Nikaendelea.